Odeta Hakutaja Chakula

Hakimu alimuuliza Odeta swali jepesi, na Odeta akalijibu vibaya.

"Talaka nimeshaitoa," hakimu alisema. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. "Sasa tunakadiria matunzo. Mgongo wako hauwezi tena jembe, daktari ameandika. Niambie, kwa mwezi unahitaji kiasi gani ili uishi?"

Odeta alisimama amejikunyata ndani ya kitenge. Akataja kodi ya chumba alichopanga Nyantakara tangu aondoke kwa mumewe. Akataja sabuni, chumvi, na nauli ya kwenda hospitali. Jumla elfu thelathini na tano. Hapo akaishia, macho chini.

"Nakubali," alisema Ngeleja, aliyekuwa mumewe, kabla hajaulizwa.

Na kwa nini asikubali? Mtu mwenye zizi lililojaa ng'ombe anaambiwa amtunze mwanamke aliyeishi naye miaka tisa kwa bei ya majogoo wawili. Hata mimi ningekubali, halafu nijione mkarimu.

Tusimcheke Odeta. Hesabu aliijua vizuri, shida ilikuwa malezi. Mama yake, Nimpaye, alivuka mpaka kutoka Burundi, akakaa kambi ya wakimbizi ya Lukole, kisha akapata shamba Nyakisasa, na kote huko aliwafundisha binti zake kwamba mtu mwenye heshima hataji tumbo lake mbele za watu. Ukiulizwa kama umekula, umeshiba, hata kama matumbo yanasokotana. Basi mbele ya hakimu, karani, na wanaume waliokuwa wakisubiri kesi zao za madeni, sabuni ilitajika bila aibu, lakini chakula hakikutajika. Alidhani hakimu, mtu mzima, angejua mwenyewe kwamba binadamu hula.

Hakimu akachukua kalamu. Odeta akaiona ikishuka kwenye karatasi. Jumla ile ikishaandikwa hivyo, atakula nini? Aibu ikamshinda, akakaza tu kitenge chake.

Ngeleja angekaa kimya hapo, angerudi nyumbani anapiga mluzi. Lakini alitaka na sifa juu yake.

"Mheshimiwa, nina shahidi, mama yangu mzazi. Atakuthibitishia kwamba miaka yote huyu mwanamke hakuwahi kuniomba hata shilingi ya chakula. Si mtu wa gharama."

Mama yake, Magdalena, akainuka kwenye benchi. Ni Msukuma aliyehamia Biharamulo na mifugo kutoka Shinyanga, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Odeta alikuwa akimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Sasa alimwona anaapishwa upande wa pili, akajiambia kwamba mama ni wa mwanawe, na yamekwisha.

"Ni kweli hakuomba," Magdalena alisema. "Alipoletwa kwetu, wiki nzima hakula mbele yangu. Nikasema huyu ama anaumwa, ama anatudharau. Kumbe kwao wanaona haya. Basi nikawa namwekea michembe, vile viazi vikavu, na maziwa nyuma ya jiko, nageuka nafanya kazi zangu, ndipo anakula. Mwanangu hajui mkewe alikula nini, kwa sababu chakula kilitoka ghalani kwangu na maziwa yalitoka kwenye kibuyu changu. Leo binti huyu hana ghala wala kibuyu. Mheshimiwa, hesabu aliyokupa ni ya mtu asiyekula."

Mwanaume mmoja kwenye benchi akacheka. Hakimu akamtazama, yule akaacha.

"Mayu," Ngeleja alisema kwa sauti ndogo, "umekuja kama shahidi wangu."

"Nimeapa kusema kweli. Hawakuniambia niseme kweli ya nani."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Tuanze upya. Unga?"

Magdalena akasema unga. Akasema maharage, dagaa, mafuta ya kupikia. Kila mara hakimu alimgeukia Odeta, na Odeta aliitikia kwa kichwa, uso umemwiva, lakini aliitikia. Walipofika kwenye maziwa, lita moja kila siku, Ngeleja alishindwa kuvumilia.

"Maziwa pia?"

"Mgongo huu uliumia kwenye mkokoteni wako," hakimu alisema akiligusa jalada la kesi, "akikupelekea mahindi yako. Maziwa pia."

Yakaandikwa: laki moja na elfu arobaini kila mwezi, mpaka aolewe tena au mahakama iamue vinginevyo.

Nje, Ngeleja aliwasha pikipiki yake akaondoka, akimwacha mama yake amesimama palepale. Odeta alipiga magoti kwa shida, kwa sababu ya mgongo, akaishika mikono ya yule bibi na kulia. Alishukuru kwa Kiswahili, kikamwishia, akashukuru kwa Kirundi. Hakuwahi kumshukuru mtu namna ile, na aliona bado haijatosha.

"Mayu, umempoteza mwanao kwa ajili yangu."

"Atarudi. Ana njaa za kwake, na ghala ni langu. Inuka, utajiumiza."

Akampeleka kwa mama lishe aliyekuwa jirani na mahakama, akaagiza wali na maharage, sahani mbili. Odeta aliinamia yake bila kuigusa.

"Kula," Magdalena alisema. "Ndoa imevunjwa. Mimi si mkwe wako tena, huna wa kumwonea haya hapa."

Odeta akainua uso.

"Hakimu amenitenga na Ngeleja," alisema. "Wewe hukutajwa kwenye hukumu, mayu."

Yule bibi alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Odeta akanawa, akala mbele yake na mbele ya wapita njia wote, na sahani ilipobaki tupu akamwomba mama lishe amwongezee.