Sikuwemo Katika Daftari la Vipimo

Kiharusi kilimwachia mume wangu mikono, kikamnyang'anya majina. Hospitali walisema tushukuru, nami nilishukuru kwa magoti, asubuhi na jioni. Lakini tulipofika nyumbani aliinua macho kutoka kitandani, akanitazama kwa adabu, akasema, "Karibu mama. Umekuja na kitambaa?"

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, nikawa mteja.

Mume wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa. Anafanya kazi na mwanamke mmoja tunayemwita Vifungo, kwa sababu alianza kwa kushona vifungo tu. Siku Vifungo alipokuja kumjulia hali, mume wangu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Vifungo! Umechelewa."

Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Mtaalamu wa tiba alitushauri tumrudishie kumbukumbu kupitia kazi yake. "Anzeni na mambo aliyoyarudia miaka mingi," alisema. Basi kila alasiri Vifungo aliketi naye mezani na daftari la vipimo vya wateja. Anasoma vipimo, jina analificha, mume wangu analitafuta mwenyewe.

"Kifua arobaini na nne, tumbo hamsini."

Mume wangu alifumba macho, akapima hewa kwa mikono. Kisha: "Mwalimu mkuu! Tumbo lile!"

"Haswa, bosi!"

Wakacheka mpaka kikombe kikatikisika. Wiki ile alirudi mwalimu mkuu, wiki iliyofuata mkunga na muuza nyama na wanawe wote wanne. Mtaa mzima ulirudi kichwani mwa mume wangu, na mimi niliyemletea chai nikaambiwa, "Asante mama, nguo yako bado."

Niliomba. Nasema ukweli kwa kuwa Mungu anaujua: niliomba mume wangu apone, kisha nikaomba Vifungo apate mafua. Si mabaya. Ya kumlaza wiki moja tu.

Siku moja, mume wangu akiwa anaoga, nililichukua lile daftari. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, huu mwaka wa pili, na bado nasoma kwa kidole. Kidole kilimpata Vifungo mara tatu: gauni, sketi, gauni tena. Kifua chake, kiuno chake, nyonga zake, vyote kwa mwandiko wa mume wangu. Nikajitafuta mimi. Nikarudi mwanzo, nikajitafuta tena. Sikuwemo.

Vifungo alipofika alinikuta mlangoni.

"Mdogo wangu, leo utanieleza. Nyonga zako zinafanya nini humu?"

Alilitazama daftari. "Zinangoja kupungua, dada."

Sikucheka. "Na zangu ziko wapi?"

"Zako? Kwani wewe ulipimwa lini? Bosi alikuwa anakukatia kwa macho tu. Niliwahi kumwambia, bosi, andika basi. Akanijibu, huyu simwandiki, huyu ninaye kichwani."

Kichwani. Mahali penyewe palipougua.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Vifungo akasema, "Basi mpe kitambaa, dada."

Nilikuwa na kitambaa cha buluu, nimekiweka kwa siku ya kupewa vyeti darasani. Mume wangu alipotoka kuoga nilikitandaza mezani. "Fundi, nina kitambaa." Vifungo alinyoosha futi ya kupimia, nikamshika mkono kumzuia. Mume wangu alinitazama, akachukua chaki, akachora bila kupima. Mkasi ulipunguza mwendo kwenye kona za mabega, lakini haukusimama.

Vifungo alishona mbavu za gauni, nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Gauni lilifika kifuani likagoma.

"Dada, vipi huko?"

"Nimenasa."

Nilimjua mwenye gauni lile: ni mimi wa mwaka wa harusi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kiuno cha nyigu, hajazaa. Mume wangu alimkumbuka mpaka mfupa wa bega. Nilimwonea wivu kuliko nilivyomwonea Vifungo, maana huyu hata mafua sina namna ya kumwombea.

Nilitoka hivyo hivyo, mikono juu. Mume wangu alikunja uso. "Nimekosea."

"Hujakosea. Umechelewa tu. Haya, nipime."

Alinizungushia futi, akasoma namba moja moja. Vifungo alishika kalamu, nikamnyang'anya. Niliandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa. Mahali pa jina nikapaacha wazi.

Kesho yake alasiri nilimwambia Vifungo akae kwenye vifungo vyake. Nikaketi mimi mezani, kidole kwenye mstari wangu.

"Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Nyonga arobaini na sita."

Nilitaka kumsaidia, nikauma ulimi. Vifungo alisimamisha cherehani yake.

Mume wangu alilivuta daftari karibu, akakunja uso kama mtu aliyekuta kosa dukani kwake.

"Nani kamwandika huyu?" akauliza. "Huyu mimi simwandiki."

Kidole changu nilikiacha pale pale kwenye mstari, nisije nikapotea.