Shukrani za Ardelia Mahakamani

Watu wa mtaa wetu wanasema Ardelia ndiye aliyeyasimamisha mabasi ya shule. Wanayasema hayo saluni, wanayasema matangani sahani za kuku zikiwa mapajani, na wakiniona wanashusha sauti kwa sababu yeye ni wifi yangu, nimeolewa na kaka yake. Wasishushe. Siku ile nilikuwa mahakamani, benchi la pili nyuma yake, na niliona kwa macho yangu mwanamke mzima akichinjwa kwa adabu zake mwenyewe.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Tangu tukiwa wasichana tuliomaliza shule karibuni, amri ya mahakama iliulazimisha mji uwachanganye watoto weusi na weupe shuleni, na kwa kuwa sisi tunaishi huku na wao kule, watoto walipakiwa kwenye mabasi kila asubuhi wakavushwa upande wa pili. Halafu miaka ya tisini wakaja wazungu wageni kutoka majimbo ya kaskazini, wakajenga majumba yao makubwa kusini mwa mji, wakaanza kuuliza kwa nini watoto wao wasisome karibu na nyumbani. Wakashtaki. Walichokitaka ni jaji aseme tu kwamba mji umeshajisafisha, ubaguzi umekwisha, amri ifutwe na mabasi yasimame.

Ardelia alikuwa akimlea mjukuu wake, Tamesha, msichana wa miaka kumi na sita ambaye hesabu kwake ni kunywa maji. Tamesha alikuwa akipanda basi kwenda Crestmoor, shule ya upande wa wazungu, yenye maabara ya kweli na zile hesabu za juu za mwaka wa mwisho. Alikuwa amebakiza huo mwaka wa mwisho tu. Chuo cha uhandisi alichokitamani hakimtazami mara mbili mtu asiye na hesabu hizo. Mabasi yakisimama angerudishwa Pettigrew, shule ya mtaani kwetu, ambako mwalimu wa fizikia ndiye huyo huyo kocha wa mpira na madirisha ya maabara yamezibwa kwa mbao. Kwa ajili ya huo mwaka mmoja wa Tamesha, Ardelia alikubali kuwa shahidi wa upande wetu.

Wakili wetu aliitwa Fairley, kijana mweusi mwenzetu aliyeletwa kutoka Boston, suti imemkaa vizuri, maneno yamemjaa, na kanisani sidhani kama alikanyaga tangu abatizwe. Alikuja kumnoa Ardelia jikoni kwangu.

"Mama Tisdale, ukiulizwa na wale wengine, jibu kwa mkato. Ndiyo. Hapana. Basi."

"Mwanangu, mimi nimelelewa. Mtu akiniuliza jambo siwezi kumjibu kama nafukuza mbwa."

"Wifi, msikilize mtoto wa watu," nikamwambia. "Wewe ukipewa nafasi ya kusema, hata kuku anaungulia ovenini."

"Wivu huo, Nadine! Ukisimama wewe kanisani watu wanatazama saa."

Tukacheka mpaka machozi. Fairley naye akacheka, ingawa hakujua tunachochekea, wala hakuuliza. Angeuliza, tungemweleza.

Tungemweleza kwamba kanisani kwetu, Jumatano jioni, mtu akisimama kushuhudia haanzi na shida zake, hata kama nyumba yake iliungua jana. Kwanza anamheshimu Mungu, anamheshimu mchungaji, anawaheshimu wote waliokaa. Kisha anashukuru. Anataja alikotolewa, anasema hatuko tulikokuwa, na watu wanamwitikia, "Sema, dada!" Shukrani zikishakolea ndipo anapoleta ile "lakini" yake, na kilio chote kimo humo. Anayeanza na kilio anaonekana hana malezi. Hakuna mtu mweusi wa mji wetu asiyelijua hili.

Kumbe hata Whitcomb alilijua. Garland Whitcomb, wakili wa wazungu, alizaliwa hapa hapa mjini na ni shemasi wa kanisa lao. Yaya aliyemlea alikuwa mtu wa kanisa letu, na kila Jumatano alimbeba mtoto yule mweupe akaja naye ibadani, akamlaza benchini kichwa mapajani mwake. Mama yule alimpa maziwa na akampa siri zetu zote.

Siku ya kesi Ardelia alivaa kofia yake ya zambarau. Fairley alimuuliza habari za Pettigrew, akajibu sawasawa: mbao, kocha, vitabu vichache, mwalimu wa hesabu aliyeondoka asirudishiwe mwingine. Nilianza kupumua. Kisha Whitcomb akainuka, mikono mitupu, bila hata karatasi.

"Dada Tisdale, habari za asubuhi."

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Nasikia wewe ni mama wa kanisa. Mimi nami ni mtu wa kanisa, kwa hiyo sitakusumbua na habari za mbao. Wewe ulisoma mji huu huu enzi zile mbaya. Leo anasoma mjukuu wako. Hebu tuambie, dada, kwa maneno yako mwenyewe. Bwana amekutendea nini?"

Hayo ndiyo maneno ambayo mchungaji wetu hufungulia ibada ya Jumatano, na aliyatamka taratibu, akiyavuta vile vile. Nikamtazama Fairley. Alikuwa ameinama anaandika, ametulia, labda akidhani mwenzake ameishiwa maswali.

Ardelia akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akashika ukingo wa kizimba na kufumba macho.

"Kwanza namheshimu Mungu aliye juu ya vyote. Nakuheshimu wewe, Jaji, na kila mmoja kwa nafasi yake. Mimi nilisoma kwenye chumba cha mbao, kitabu kimechanika, ndani mna majina ya watoto wa kizungu waliokichoka. Mungu ametutoa huko! Hatuko tulikokuwa. Leo mjukuu wangu anakaa meza moja na mtoto wa daktari, na hakuna anayemtemea mate. Mlango niliofungiwa mimi, yeye anaingia kichwa juu. Ametenda, jamani, ametenda, wala simdai kitu!"

Nyuma yangu mzee Purvis, mpumbavu yule, akaitikia kwa sauti, "Sema, dada!" Jaji hakumnyamazisha. Jaji alikuwa anaandika.

"Kwa yote hayo namshukuru," Ardelia akasema, na sauti yake ikashuka vile inavyoshuka inapokaribia penyewe. "Lakini..."

"Ahsante sana, dada," Whitcomb akasema kwa upole. "Umenibariki. Mheshimiwa Jaji, sina swali lingine."

Fairley sasa ndiyo akaruka.

"Mama Tisdale, ulikuwa unataka kusema lakini nini?"

"Lakini mabasi yakisimama, mtoto wangu..."

"Napinga," Whitcomb akasema bila hata kuinuka vizuri. "Shahidi anabashiri yajayo. Hayajui."

Jaji akakubaliana naye. Fairley akahangaika, jasho linamtoka. "Mama, je, ubaguzi umekwisha mjini hapa?"

"Haujaisha, mwanangu. Haujaisha hata kidogo."

Whitcomb akarudi pale mbele, safari hii kwa huzuni, kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Dada, nina moja tu. Sasa hivi ulipokuwa ukimshukuru Mungu mbele yetu sote, ulikuwa ukimdanganya?"

"Mungu sijawahi kumdanganya maishani mwangu."

"Kwa hiyo yote uliyomshukuru ni kweli."

"Ni kweli, lakini..."

"Ahsante, dada."

Pale ukumbini, nje ya chumba cha kesi, Fairley alimfokea kama mtoto. "Nilikuambia jibu kwa mkato! Nilikuambia!" Nikamwambia afunge mdomo wake, kwa kuwa yule mzungu alijifunza jinsi sisi tunavyosema ilhali yeye hakujisumbua. Ardelia alivua kofia yake akaishika mkononi mpaka nyumbani.

Hukumu ilitoka majira ya joto. Jaji aliandika kwamba mji umetimiza wajibu wake, na kwamba hata shahidi wa upande wa pili, bibi mwenye heshima zake, amekiri kwa hiari mbele ya mahakama kuwa hatuko tulikokuwa. Gazeti likayatoa maneno hayo ukurasa wa kwanza pamoja na picha yake. Fairley alikata rufaa, rufaa ikalala huko juu, na mabasi yakasimama bila kuingoja.

Jumatano iliyofuata Ardelia alisimama kanisani kushuhudia. Akamheshimu Mungu, akamheshimu mchungaji. Hakuna aliyemwitikia. Mama Odom, aliyeimba naye kwaya tangu utotoni, akafungua mkoba wake akatafuta peremende. Ardelia alishukuru na kushukuru, akingoja japo sauti moja, kisha akakaa kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Niliwachukia wote siku ile, na mimi mwenyewe sikuitikia.

Agosti tulikutana na Whitcomb dukani, mimi, Ardelia na Tamesha, tukichagua matunda ya pichi. Akavua kofia.

"Dada Tisdale! Maneno yako niliyasimulia kanisani kwetu, watu walilia. Nakuombea kila siku."

Nilitamani nimpige na kopo la maharage. Wala hakuwa akimkejeli, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliyaamini.

"Ahsante, Bwana Whitcomb," Ardelia akasema. "Mungu akubariki."

Tamesha aliweka pichi chini, akatoka nje, akatungojea juani.

Shule zilipofunguliwa alikwenda Pettigrew kwa miguu. Hesabu za juu hazikuwepo. Walimweka kwenye darasa alilolimaliza zamani, wakampa kazi ya kuwasahihishia wenzake ili asichoke, na mwezi wa kumi na mbili chuo kilimwandikia kwamba kinamtakia kila la heri kwingineko. Hakulia. Aliacha tu kutusimulia habari za shule.

Ardelia naye akapata ugonjwa wa kumalizia. Kila anayekutana naye, wa benki, wa posta, anamshika mkono: "Siku ile nilikuwa ndiyo nafika, ningewaambia kila kitu, wangenipa dakika moja." Watu humpisha kwa heshima na kuondoka.

Jioni moja nilikuwa kwao nikimsaidia kumenya viazi. Tamesha alikuwa mezani na kitabu ambacho hakukifungua. Ardelia akafuta mikono, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mjukuu wangu, hujawahi kuniuliza. Ngoja nikwambie leo nilichotaka kumwambia yule jaji."

"Najua ulichotaka kumwambia, bibi," Tamesha akasema bila kuinua macho. "Pettigrew ndiko ninakosoma."