Majina Yangu Amekwenda Roma

Kwetu Kamina, mutoto akipewa jina lako, unamwita majina. Émerence, mutoto wa binti yangu Bibiche, njo majina yangu: minyi Kapinga Émerence, yeye Kapinga Émerence. Tangu alipokuwa ananyonya nilikuwa nikimwambia, "Weye njo minyi." Akiiba sukari, nilisema nimejiibia mwenyewe, maneno yakaisha.

Mwaka wa Jubilei, bamama Bakatoliki wa parokia yetu balipata nafasi moja ya kwenda kuhiji Roma pamoja na kundi la Lubumbashi. Balitaja jina langu, kwa sababu vitambaa vya altare ninafua na kupiga pasi minyi. Mama Gisèle, présidente wetu, akanitania mbele ya bote: hayo meno mawili yaliyobaki yatakula nini kule? Nikamujibu siendi kuitafuna Roma, ninaenda kuiona.

Asubuhi, tukianika mihogo, majina yangu alinisomea Roma mu simu yake. Alisema kule maji yanatoka barabarani mchana kutwa na hakuna muntu wa kuyauza kwa bidon, kwa madumu. Sikuamini. Akasema tena iko ngazi moja ambayo bantu banaipanda kwa magoti, banasali. Pale pale nikamutegea: "Ninapanda kilima, nyayo zangu zinaangalia mbingu. Nini?" Akafikiri kidogo, akacheka. "Ni weye, majina, siku ile." Alikuwa mwepesi wa vitendawili, ule mutoto. Basi nikaanza kujizoeza ku ngazi za kanisa, goti moja, halafu lingine, batoto wa katekisimu banapiga makofi.

Tulipanga yote. Sweta, maana kule iko baridi. Kikwembe, kitenge chenye sura ya Mama Maria. Unga kidogo ya bukari, ule ugali wetu, tumbo lisishangae. Na pale ku kaburi la Petro, nilitaka kutamka jina la bwana wangu Mwepu, aliyekufa kabla padri hajamufikia. Ile njo ilikuwa safari yenyewe. Maji na ngazi, hayo ni ya kuongeza tu. Émerence alijua. Nilimwambia yeye peke yake na mama yake.

Kisha akapanda treni ya Lubumbashi. Alisema anakwenda kunishikia nafasi mu foleni ya pasipoti, kwani bantu ni bengi. Wakikaribia kuniita atanipigia simu, nami nifuate. Alipopiga, alisema safari imesogezwa mpaka mvua ziishe. Bibiche alikuwa karibu, anachambua majani ya sombe, hakuinua kichwa. Nikakunja sweta, nikairudisha mu sanduku.

Jumapili, abbé Hénoch, padri mugeni ambaye hajatujua bado sura, akasoma maombi: "Tumwombee mama yetu Kapinga Émerence, aliyetumwa na parokia hii. Iko Lubumbashi, kesho atapanda ndege ya Roma."

Kanisa lote likageuka. Minyi nilikuwa nimekaa benchi ya pili. Nyuma muntu akacheka. Mama Gisèle akaniinamia sikioni, akauliza: minyi ni muzimu, ama nimekwisha kurudi? Midomo yangu ilikuwa tayari inaitikia pamoja na bengine, Bwana utusikie. Nilikuwa ninaombea safari yangu, nami niko hapa.

Nyumbani, Bibiche hakukana kwamba mutoto amechukua nafasi yangu, kwani mu karatasi jina njo moja. Alisema mutoto amemaliza masomo na kazi hakuna. Akifika kule hatarudi na kundi, iko muntu wa kumupokea, na kesho kutwa atatulisha sisi bote. Halafu minyi na magoti haya ningekwenda kuona, kurudi, na kufa. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mugonjwa namna ya kumeza dawa.

Nilimuuliza nani alitoa wazo. Hapo njo aliniangalia.

"Mama, weye mwenyewe unasemaka: Émerence njo minyi. Basi, umeenda."

Neno la kumubembeleza mutoto, balilichukua, bakafungulia nalo mulango wangu. Nilikaa chini. Nikauliza kitu kimoja tu: Émerence atamutaja Mwepu kule? Bibiche akainuka, akaenda kuchochea moto. Mwepu njo baba yake mwenyewe. Hata hilo hawakuwa wamemukumbusha mutoto.

Alasiri Émerence akapiga simu. Alilia, akasema majina usinikasirikie, usimwambie abbé, ni kesho tu. Nikangoja amutaje babu yake. Akasema mizigo yake ni mizito, akasema viatu vimemubana. Nikamurudishia mama yake simu.

Jua halijashuka vizuri, abbé Hénoch akafika na pikipiki, kuja kuipongeza familia. Akanisalimu kwa mikono miwili.

"Weye njo mama ya Kapinga Émerence?"

"Hapana, padri. Kapinga Émerence njo minyi."

Akatabasamu, akidhani ni mafumbo ya bazee. Kisha tabasamu likaenda. "Na ule wa Lubumbashi?"

Bibiche akanishika mukono, kwa nguvu, kucha zikaingia. "Mama. Ni damu yako."

Ningeweza kusema ni majina yangu, na neno hilo kwetu linafunika mengi. Abbé angekunywa maji, angekwenda.

"Ni mutoto wa huyu," nikasema. "Minyi sikumutuma."

Abbé akatoa simu, akauliza kama kweli ninataka apigie kundi kule Lubumbashi sasa, bamuzuie. Nikautoa mukono wa Bibiche, nikabeba kiti, nikamuwekea abbé ku kona ya jiko, kwani pale njo réseau ya simu inashika vizuri.