Herufi za Papa Eugène

Askari walimleta Papa Eugène saa nne asubuhi mpaka kwenye kibanda cha fotokopi cha binti yake, Pulchérie, pale soko la Baraka, wakamkalisha kwenye benchi la wateja. Luteni aliingia wa mwisho, akaweka karatasi mbele ya Pulchérie.

Ilikuwa trakti, karatasi inayosambazwa kwa siri bila jina la mwandishi. Ilisema kwamba pesa za vizuizi vya barabara ya Lulimba zinawalisha wakubwa wa jeshi, na wakubwa hao wanajulikana. Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana askari walikuwa na hasira. Lakini Pulchérie hakufika kwenye maneno. Aliona herufi.

Zilikuwa za baba yake. Miaka thelathini alichora kwa brashi majina ya mitumbwi na vibao vya makanisa. Kuanzia Ubwari hadi Fizi, nani asiyeijua ile "a" yake yenye mkia mrefu?

"Hii mukono ni ya nani?" luteni aliuliza.

"Ni ya papa, afande. Lakini si yeye aliandika."

"Mukono iko yake, na si yeye aliandika. We mama, unaona mi mutoto?"

Askari wa mlangoni akacheka. Kicheko hicho sisi wa Baraka tunakijua tangu vita ya kwanza iliyopita hapa, na hatujasahau nani alicheka na nani hakurudi nyumbani.

Pulchérie alieleza. Mikono ya baba yake ilipoanza kutetemeka, yeye alizipiga picha herufi zake, akazichora upya kwenye kompyuta, akazifanya faili ya herufi za kuchapia. Mwenye faili akiandika lolote, unatoka mwandiko wa Papa Eugène.

"Onyesha."

Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa. Michoro yenyewe ilikwenda na kompyuta ya zamani, siku wezi walipomvunjia kibanda. Alichobaki nacho ni faili iliyokwisha kufungwa, ya kuandikia tu. Ili luteni aone zilivyotengenezwa, ilibidi airudishe iwe michoro, herufi moja moja, na hakuwahi kujaribu. Akaiingiza kwenye programu, akabonyeza. Mstari kwenye kioo cha kompyuta ukaanza kujaa polepole, na betri ya sola ilikuwa karibu kwisha. Kwenye benchi baba yake alikohoa.

Herufi zikafunguka. "A" ilijaa kioo kizima, nukta zimeizunguka ukingoni. Akavuta nukta moja, mkia ukarefuka, akairudisha. Akaichapa kwenye plastiki angavu, kipimo kilekile cha trakti, akaipitisha juu ya trakti. "A" ya kwanza, ya kumi, ya mwisho: zote zililala sawasawa. Kisha akampa baba yake kalamu. Mzee aliandika tatu, zote zikitetemeka, hakuna iliyofanana na mwenzake.

Luteni akaipitisha plastiki mwenyewe. "Kweli. Muzee hana kosa."

Pulchérie akaichukua kalamu mkononi mwa baba yake.

"Na hii faili, nani iko nayo?"

"Batu mingi, afande. Kwaya ya bamama, kanisa mbili, chama ya bavuvi. Hata tangazo ya mulango ya biro yenu nilichapa nayo."

Safari hii askari hakucheka. Luteni akavuta kiti karibu na kioo.

"Nimeona nukta inasogea. Basi kila mumoja utamupa 'a' yake. Ya bamama na alama yake, ya bavuvi na alama yake. Kidogo tu, macho isione. Utawaambia ile ya zamani imeharibika. Trakti ingine ikitoka, mi nitajua ilitoka wapi."

"Na nikikataa?"

"Muzee atakaa kwetu mpaka ukubali." Alisema karibu kwa upole. "Anza na bamama."

Pulchérie alimtazama baba yake. Mzee alitikisa kichwa taratibu: hapana. Akatikisa tena.

Pulchérie akasogeza nukta.

Luteni akaandika "kwaya" na alama yake kwenye kijitabu chake, akamwambia mzee aende. Papa Eugène akainuka, akatoka peke yake, bila kumngoja binti yake.