Tia Mkono, Limelala

Mimi huku gerejini naitwa Masikio. Siyo jina la kuzaliwa, na nililipenda kupita kiasi, hilo niliseme mapema. Ulikuwa ukiniletea gari linakohoa, wala sihangaiki kufungua vitu. Nachukua nondo yangu fupi, ncha moja kwenye injini, ncha nyingine sikioni, nafumba macho. "Plagi ya tatu," nasema. Au, "Bwana, hili limeshakunywa maji." Wateja wanaitana waje waone. Nilikuwa sikosei, basi kichwa kikavimba.

Sheria yetu ilikuwa moja tu, niliirithi kwa fundi aliyenifundisha: gari likinguruma, mkono nje, likinyamaza limelala, tia mkono. Nimeifuata miaka thelathini na mbili, na vidole vyangu viko palepale. Vyote kumi.

Binti yangu nilimfundisha mwenyewe. Alianza kwa kunishikia spana, akaishia kunipora kazi. Mkono wake mwembamba ulifika nisipofika mimi. Nati iliyonitoa jasho saa nzima, yeye anaifungua huku ananicheka. "Mzee, kapumzike, chai ipo." Eti mzee! Nilikuwa namfokea kwa mdomo tu, moyoni raha tupu.

Halafu yakaja haya magari ya kuchomeka. Kuna ya umeme mtupu, na kuna yale yenye injini na betri kubwa pamoja, unayachaji nyumbani kama simu. Binti akaanza kuyasoma usiku na mchana. "Baba, tunakokwenda ni huku. Miaka kumi ijayo hiyo nondo yako utachochea nayo jiko." Nami nikamjibu kuwa gari lisilo na sauti ni friji lenye magurudumu. Watu walicheka sana siku ile, na mimi nikajiona nimeshinda.

Chuo kimoja kikamkubali kwa mafunzo ya wiki sita. Wakamtumia barua pamoja na glavu za mpira, nene, rangi ya chungwa, za kushikia nyaya za umeme mkali, wamemchukulia hadi kipimo cha vidole. Akazivaa akazunguka nazo sebuleni. Mama yake akamwambia, "Afadhali, vyombo vitaoshwa." Tulicheka sote. Mafunzo yalikuwa yaanze Jumatatu.

Jumapili mchana nikamwita. "Mama," ndivyo ninavyomwita, "nimezidiwa. Magari matano yamelala uwanjani. Nisaidie wiki hii tu, wenzako utawakuta njiani."

Uongo mtupu. Magari matano nilikuwa nayamudu peke yangu. Nilichoogopa ni kwamba ataenda, atarudi anajua nisichokijua, na mimi Masikio nitabaki wa kuambiwa chai ipo. Unielewe au usinielewe, ukweli ndio huo.

Akapiga simu chuoni kuomba wamsubiri, kisha akaja gerejini kuzitundika glavu zake kwenye msumari wa kiofisi changu. "Wiki hii tu, baba."

"Wiki hii tu, mama."

Alhamisi, saa tano asubuhi, mfamasia wa mtaa wa pili akaja na gari lake la kuchomeka, lile lenye injini na betri. Mkanda wa injini unalia, akasema. Jua lilikuwa kali, basi akabaki ndani na kiyoyozi chake, vioo juu, anaongea na simu. Binti akafungua boneti, akainama, akasita.

"Baba, hili mbona kama halijazimwa? Ngoja nimuombe ufunguo."

Nikaona ananifundisha kazi mbele ya watu. Nikachukua nondo, nikaigusisha kwenye injini, nikaweka sikio, nikafumba macho kwa madaha yote. Kimya. Hata mtetemo hakuna.

"Tia mkono," nikamwambia. "Limelala."

Akatia mkono kwenye mkanda, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Sasa hivi najua, na kujua kwangu hakunisaidii kitu. Kiyoyozi kilikuwa kinakula betri. Betri ikishuka, gari lile halimwombi mtu ruhusa, linawasha injini lenyewe. Likawasha. Sauti ya kwanza niliyoisikia haikuwa ya injini.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kilichobaki ni gumba na kile cha mwisho.

Watu wakaja, pole, pole sana, ni mapenzi ya Mungu. Hebu wamwache Mungu wa watu! Mungu hakusema tia mkono. Nilisema mimi. Mke wangu naye hajanilaumu hata siku moja. Angenitukana ningepata nafuu. Ananipakulia chakula, anakaa mbele yangu, anaiangalia mikono yangu ninavyokula.

Mwezi wa tatu baada ya ajali binti akarudi gerejini na kukipigia simu chuo. Mwalimu wake alikuwa mtu mwema, akamweleza taratibu: nafasi ya kusoma darasani ipo, lakini kwenye nyaya zenyewe hapana. Glavu lazima ijae. Kidole kitupu kinaning'inia, kinanasa, na umeme ule haurudii kukuonya. Binti akasema, "Nimeelewa, mwalimu, asante." Akakata simu, akaniuliza, "Baba, spana ya kumi na mbili iko wapi?" Nikainama chini ya meza nikajitia naitafuta, na ilikuwa mkononi mwangu.

Siku hizi yeye anasoma kitabu, mimi nafanya. Nimenunua glavu zangu. Ananielekeza polepole, na nikikosea hanicheki. Natamani angenicheka.

Juzi niliingia ofisini kutafuta kalamu, bega langu likaziangusha glavu zake. Nikaokota ya kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimejaa. Nikaingiza mkono nikatoa matambara, yamesokotwa vizuri, yamefungwa uzi, kila moja limekatwa kwa urefu wa kidole chake. Alikuwa anajaribu. Lini, sijui. Mimi ninayesikia nati iliyolegea kwenye gari linalopita barabarani, mwanangu alikuwa humu ndani, ukuta mmoja na mimi, anajitengenezea vidole vya matambara, na sikusikia kitu.

Nikakaa sakafuni nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, sikujali nani yuko nje.

Akanikuta hapohapo. Aliiona glavu mapajani mwangu na matambara yake kiganjani. Alichukua vyote kwa mkono wa kushoto, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake, akaitundika glavu kwenye msumari.

"Baba, kuna gari nje."

"Mbona sijalisikia?"

"Hutalisikia, baba. Njoo tu."

Nikajifuta uso, nikatoka. Lilikuwa la umeme mtupu, mwenyewe amesimama pembeni. Mkono wangu ulienda kwenye nondo kwa mazoea, nikaurudisha. Nikamwomba ufunguo, nikampa binti yangu. Akachungulia ndani, akahakikisha taa zote zimezimika, akafanya yote ambayo kitabu kinataka na kunisubirisha muda uliotakiwa. Kisha akauchukua ufunguo akasogea nao mbali, hatua kumi na zaidi, gari lisiuhisi likajiwasha, ameufumbata katika mkono wake mzima.

Nilivaa glavu zangu, nikabaki nimesimama mbele ya boneti iliyo wazi.

"Tia mkono, baba," akasema. "Nimeshika mimi."

Nikatia mkono.