Mguu wa Suud

Mwishoni mwa mwaka 1970 kila aliyerudi Maskati kutoka Unguja alikuwa mkubwa huko alikotoka. Aliyewahi kufagia klabu ya taarab alijiita mwanachama, na mwanachama alijiita rais. Suud peke yake hakujisifu. Yeye alikuwa na shughuli nyingine: kukubaliana na kila mtu. Tabia hiyo ilimpatia ukarani serikalini upesi sana, ila haikuwa imempatia Masouda, msichana aliyetaka kumwoa.

Mama yake Masouda, Bi Hamdiya, alikuwa mwimbaji na mjane wa mpiga dumbak, na wanaume aliwapima kwa miguu yao. Posa ilipofika hakuuliza ukoo wala cheo. Alimwita Suud nyumbani kwake Darsait, akampakatisha ngoma ya marehemu.

"Wimbo unaanza polepole, halafu unachanganya, unashika kasi," alimwambia. "Ukichanganya, mikono ndo izidishe. Mguu uwache ugonge vile vile. Mguu ukikimbia, sote tumekwisha. Harusi ya jirani yangu Nasriya utanipigia wewe. Ukinifikisha mwisho wa wimbo salama, mtoto nnakupa."

Suud alifanya mazoezi mpaka majirani wakamchukia. Alikwenda ofisini kwa mwendo mmoja, akanywa na kahawa kwa mwendo huo huo. Alimpenda Masouda kwelikweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na jambo asilokuwa tayari kumwachia mtu.

Alasiri ya harusi ua ulijaa. Thabit, mpiga fidla wa Bi Hamdiya, alianza, mwenyewe akaimba taratibu, na mguu wa Suud ukagonga sakafu kama mtu anayetwanga bila haraka. Wimbo ukachanganya. Mikono ikazidisha, mguu ukabaki pale pale. Masouda, nyuma ya mama yake, akatabasamu, na Suud akaona nusu ya ndoa imeshafungwa.

Hapo akaingia Bwana Marhoon, mkubwa wa ofisi yao. Alikalishwa mbele, akanogewa, akaanza kupiga makofi. Alipiga kama anavyotoa amri, apendapo na apendavyo. Suud alijikaza, akainamisha kichwa, akauma meno. Lakini mkubwa alimwona, akamwashiria kwa mkono: twende! Na ule mguu, maskini, ulikuwa umeajiriwa.

Ukakimbia. Thabit akaukimbiza kwa fidla, jasho linamtiririka. Bi Hamdiya alimeza maneno ya ubeti mzima ili awafikie. Kisha mkubwa akaletewa halwa, makofi yakapoa. Suud naye akapoa, wimbo ukasinzia. Mkubwa akafuta vidole, akaanza upya, na wimbo ukazinduka kwa kishindo. Bi Hamdiya alinyamaza, akaketi.

"Mashallah!" alisema Bwana Marhoon. "Huyu ndiye mpigaji! Tunakwenda sawasawa mimi na yeye. Suud, kuanzia kesho utakaa chumbani kwangu, uwe katibu wangu."

"Ndiyo, bwana mkubwa," Suud alijibu, kabla hajajua amejibu nini.

Alipogeuka, Bi Hamdiya alikuwa anamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Umeshaposwa, na umeitika mwenyewe. Masouda wangu hataki uke wenza."

Suud alifungua kinywa kumsihi. Nyuma yake makofi yakaanza tena, na mikono yake ikarudi kwenye ngoma.