Sahani ya Maua ya Bluu

Mke wangu Eneless alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 1954, na upepo wa ziwani ulikuwa haujatulia tangu Jumapili. Mama yake, Rosaria, alikuwa Kilwa, kisiwa cha ziwani kwetu, akimuuguza kaka yake. Tulitaka kumtumia habari, lakini hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Joto lilikuwa kali. Wazee wakasema hatuwezi kungoja, tukamzika siku ileile kabla jua halijashuka.

Makaburi ya kijiji chetu, Chilulwe, yako kwenye kichaka cha miti ya misuku karibu na maji. Nasema makaburi kwa sababu sasa naandika. Kwa mdomo hatusemi. Mtu akitaka kupataja husema "kule kwenye kivuli," na hapaelekezi kidole, maana anayeelekeza kidole kaburini anamwita wa kufuata. Ukishazika, unaondoka bila kugeuka nyuma, na hurudi mpaka ukalete mwingine. Msalaba hatuweki, ingawa sisi ni Wakristo. Tunaweka chombo kimoja cha marehemu, tukikitoboa tundu ili asikitamani mtu mwingine.

Chombo cha Eneless kilipaswa kuwa sahani yake ya bati yenye maua ya bluu, ambayo mama yake alimnunulia sokoni Kasenga tulipooana. Asubuhi ile niliificha chini ya mkeka. Nikatoa kikombe cheupe, nacho ndicho kilichotobolewa. Sikuwa na sababu ya kujitetea nayo. Jumamosi alikuwa amekula uji humo, na ukingoni palikuwa bado na ukoko wa uji.

Upepo ulitulia Alhamisi, na Mama Rosaria akafika. Mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume humpisha mama mkwe njiani, hali chakula mbele yake, na neno lake hupita kwa mtu mwingine. Neno letu lilipita kwa Dorica, mdogo wake Eneless. Mama alikaa ndani ya ua wa matete, mimi nikakaa nje, hatua tano tu kati yetu, na kila neno alilisikia kabla Dorica hajalirudia. Aliuliza mtoto wake alisema nini mwisho. Nikajibu. Aliuliza kama sahani ya bluu ilikwenda naye.

Nikamwambia Dorica aseme ndiyo, ilikwenda naye.

Dorica alikuwapo mazikoni. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mama yake na kusema, "Anasema ndiyo."

Mwaka ulipotimia, watu wa ukoo wa Eneless walinifunga shanga nyeupe mkononi, maana yake kifo chake kimeondolewa kwangu na naweza kuoa. Sikuoa. Nilibaki na kazi yangu ya kufundisha watoto kusoma, na kazi ya kuwaandikia watu barua, kwa kuwa nilikuwa nimesoma miaka miwili ya sekondari na hapa kwetu hakukuwa na mwingine.

Ndiyo maana mwaka 1957 mkuu wa kijiji, Chalwe, alinijia mimi. Alikuwa amesikia kuwa mzungu mmoja mnunuzi wa samaki kutoka ng'ambo, upande wa Wabelgiji, anatafuta kijiji cha kujenga nyumba ya barafu ya kuhifadhia samaki. Kijiji kingine, Mununga, walikuwa wameshampelekea maneno. Chalwe alitaka sisi tumpelekee karatasi, kwa Kiswahili, kwa sababu makarani wa mzungu walikisoma. Iwe karatasi ya kueleza kijiji chote, ili mgeni akiisoma atamani kuja kabla hajamaliza.

Wiki nzima tuliiandika jioni kwa jioni barazani kwake. Kila mtu alikuwa na jambo lake la kutiwa ndani. Chalwe alitaka baiskeli yake iandikwe. Nikamwuliza baiskeli inamhusu nini mnunuzi wa samaki, akasema inaonyesha kwamba njia ni nzuri. Wanawake walitaka iandikwe kuwa hapa kwetu hakuna wezi. Mtu mmoja nyuma akasema basi na kuku wake waliopotea waandikwe kama wahamiaji, tukacheka sana.

Nina nakala. Nyumba sitini na moja. Mitumbwi arobaini. Kanisa moja la matofali, halijaezekwa upande wa nyuma. Samaki wengi mwaka mzima, ingawa wale waitwao mpumbu wamepungua. Upepo mkali mwezi wa tatu. Baiskeli moja. Halafu maneno haya, ambayo ni yangu, nami niliyapenda nilipoyaandika: "Mahali pamoja ufukoni maji ni ya kina mpaka kando kabisa, na mashua kubwa inaweza kuegeshwa. Hapo pana miti mikubwa yenye kivuli kizuri. Hapana nyumba wala shamba."

Nilipowasomea, walinyamaza mahali hapo, kisha Chalwe akasema endelea. Kila mmoja alijua ni wapi. Hakuna aliyeweza kusema kuna nini pale, nami sikuandika, kwa kuwa kuandika ni kusema. Tulidhani mgeni ataelewa. Sisi tukiambiwa kuna mahali pazuri pasipo nyumba wala shamba, tunauliza kwanza kwa nini.

Mzungu alikuja mwezi wa sita kwa mashua yake, karatasi yangu mfukoni. Hakwenda kwa Chalwe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kivuli, akapima maji kwa kamba yenye jiwe, akafurahi. Alipotoka alikuwa ameshaamua. Chalwe alimletea kiti na kuku, akazungumza habari za hali ya hewa. Niliwatazama watu wote wazima wa kijiji wamesimama pale na midomo imefungwa, nikaona kwamba nisiposema mimi hatasema mtu.

Nikamwambia mzungu kwamba mahali pale pana watu, chini ya ardhi.

Hakuwa mtu mbaya. Alitoa karatasi akaisoma tena, kidole chake kikifuata mistari. "Kama iko batu pale," akauliza kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "juu ya nini haukuandika?"

Alisema mahali pengine maji ni machache na boma la serikali limeshampa ruhusa. Lakini hataki kujenga juu ya wafu wa watu. Nyumba ya barafu ingeweza kusogezwa kidogo huku au kule. Basi kila kaburi litakaloonyeshwa litapigiwa kigingi chenye chokaa na kuzungushiwa uzio. Ardhi itakayobaki itasawazishwa. Alimwacha msimamizi wake, Rodwell, kijana wa kutoka kwenye migodi, na vigingi na siku kumi.

Siku nne za kwanza Rodwell alikaa kwenye kivuli peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu waje waonyeshe. Watu walimpa muhogo na kumwuliza habari za mama yake. Nami nilikuwa sina usingizi. Nilijua Eneless yuko wapi: mti wa tatu kutoka majini, upande wa jua kuchwea. Lakini kaburi si la mume. Kwetu mke ni wa ukoo wake, na mimi nilikuwa nimeshafungwa shanga.

Siku ya tano nilikwenda kukaa nje ya ua wa matete. Nilimwambia Dorica amwambie mama kwamba nimekosa kwa karatasi yangu, na kwamba Eneless asipoonyeshwa, nyumba ya barafu itajengwa juu yake. Dorica aligeuka, akayarudia yote. Kisha jibu likaja kwa njia ileile: mama anasema hawezi kuelekeza kidole, ana watoto wengine wawili walio hai.

Kesho yake, jua lilipotoka, Mama Rosaria alipita barabarani na mkeka kichwani na fungu la ukindu mkononi. Aliingia kwenye kivuli, akazunguka zunguka akitazama chini, akatandika mkeka, akakaa. Akaanza kusuka. Rodwell alimsogelea akamwuliza kama pale ndipo. Hakujibu, hakuelekeza kitu, alisuka tu. Mpaka mchana Rodwell alikuwa ameelewa. Alipiga kigingi kando ya mkeka wake.

Ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Siku ya saba walikwenda wanawake kumi na wawili, kila mmoja na mkeka wake au kapu la maharage ya kuchambua, na kila mmoja alikaa mahali pake bila kusema neno. Hakuna kidole kilichonyooshwa. Rodwell alikwenda kutoka kwa huyu hadi kwa yule na nyundo yake. Alisema hajawahi kuona upimaji wa ardhi wa namna hiyo, na kwamba wazungu wangejifunza.

Wanaume hatukai kule. Siku hiyo nilipita ukingoni nikijifanya naelekea mitumbwini. Nikamwona Mama Rosaria. Alikuwa amekaa karibu na mti wa kwanza kutoka barabarani, na mbele yake, nusu imezikwa na majani, ilikuwapo sahani ya maua ya bluu yenye tundu.

Sahani hizo ziliuzwa nyingi Kasenga. Ile ilikuwa ya Mpundu, mke wa mvuvi wa msimu, aliyefariki mwaka mmoja baada ya Eneless. Mumewe alirudi kwao na hakuonekana tena. Mbali na pale, kwenye mti wa tatu, kikombe cheupe kilikuwa peke yake, na hakuna aliyekaa.

Nilimngoja Dorica kisimani. Nilipoanza, aliniambia nisiendelee, ameona tangu jana.

"Mwambie, mulamu, shemeji yangu," nikasema. "Wewe utasema, mimi siwezi."

"Nitasemaje? Kwamba sahani iko wapi?"

Alijua iko wapi. Aliwahi kuiona nyumbani kwangu, imeoshwa, na samaki ndani.

"Nilikusemea uongo wako mara moja," akasema, akijitwika mtungi. "Ukweli wako ubebe mwenyewe."

Siku ya nane nilikwenda kwanza kwa Rodwell. Nilimwambia kaburi la mke wangu liko mti wa tatu, na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikanyoosha kidole. Hakukataa. Lakini alisema fundi wa mzungu ameshachora, na mti wa tatu ndipo mashine itakapokaa. Kubadili mchoro kunataka neno la wenyewe, watu wa ukoo.

"Mama yake alikaa kule, mi niliona na macho," akasema. "Weye uko nani yake?"

Nilitazama shanga mkononi mwangu. Akasema nikimleta mama akae kwenye mti wa tatu, hata kwa dakika moja, atang'oa kile kigingi akipige pale. Zilibaki siku mbili.

Nilikwenda kwenye ua wa matete jioni ile. Dorica hakuwapo. Nilikaa mahali pangu nje, nikingoja, na baadaye nikasikia mkeka ukisogezwa ndani, karibu na ukuta. Nilijua yupo. Nilijua pia kwamba ananisikia napumua. Nilifungua mdomo kuvunja desturi, yeye akaivunja kwanza.

"Baba Chabu," akasema. Chabu lingekuwa jina la mtoto wetu, kama tungempata. Eneless peke yake ndiye aliyewahi kuniita hivyo. "Siku ile nilipotoka Kilwa sikuambiwa yuko wapi. Miaka mitatu nimelia nikitazama huku na huku, kama mtu aliyepoteza mbuzi. Juzi niliiona sahani yangu. Nikajua huyu ni wangu. Nimekaa naye siku mbili, nimemwambia mambo yote. Asante kwa kumpa sahani yake, mwanangu. Wengine wangeificha."

Nilikaa pale na maneno yangu. Ningesema kwamba amezungumza siku mbili na mtoto wa mtu mwingine. Ningesema sahani iko kwangu. Hapo Eneless angebaki salama chini ya mti wake, na mama huyu asingepata tena mahali popote pa kukaa, maana asingeamini tena jicho lake wala neno la mtu.

Au labda hayo nimeyafikiri baadaye. Huenda niliona haya tu.

Nikasema, "Ndiyo, mayo," yaani mama. Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia uso kwa ukuta. Nikaondoka.

Walisawazisha ardhi wiki iliyofuata. Uzio unazunguka vigingi ishirini na sita. Mti wa tatu ulikatwa, na sakafu ya saruji ikamwagwa mwezi wa tisa. Mashine ilikuja kwa mashua mwezi wa kwanza mwaka 1958, na kijiji kizima kilikwenda kuitazama. Samaki hawaozi tena. Mitumbwi ni sitini na mbili sasa. Mwaka huu Chalwe ameniomba niandike karatasi mpya, kwa ajili ya wageni wengine, kwa kuwa ile ya kwanza ilifanya kazi vizuri.

Nimeanza kuiandika. Nimeandika nyumba, mitumbwi na kanisa, ambalo sasa limeezekwa lote. Nimeandika kwamba kuna makaburi, na jina la kila mmoja ninayemkumbuka, na mahali alipo. Sidhani Chalwe ataipeleka.

Jumapili nyumba ya barafu hufungwa. Mama Rosaria anafagia pale penye sahani ya bluu, nami namchotea maji.